Nimpeleke mama wapi Himachal Pradesh?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasoma Chandigarh, mwaka wa pili. Mwanzoni mwa mwezi wa sita mama anakuja kunitembelea kutoka Pangani. Ana miaka 58 na presha anayoitumia dawa, lakini miguu yake iko imara. Tuna siku kumi na mbili na tumekubaliana kwenda Himachal Pradesh, maana joto la huku limeshatushinda. Wenzangu kila mtu ana lake: huyu Shimla, yule Manali, mwingine Dharamshala, mwingine Spiti. Nikifungua ramani naona milima mitupu. Jimbo hili limekaaje hasa, na kipi kinamfaa mtu kama mama? Anatamani sana kuigusa theluji.

Jibu: Marahaba mwanangu, na umpokee mama salama. Nimefurahi kwamba hukuniuliza mji upi ni mzuri, umeuliza jimbo limekaaje. Nilisoma Shimla miaka mitatu, kisha nikarudi mara kadhaa nikiwa tayari nafundisha jiografia, na kosa langu la mwanzo ndilo ninaloona wageni wengi wakilirudia: nilikuwa nahesabu miji. Nafika, napiga picha, napanda basi la mji mwingine. Himachal Pradesh ukiisoma hivyo utatoka na picha mia mbili zinazofanana. Isome kwa kuvuka safu za milima, kutoka kusini kwenda kaskazini, kwa sababu kila ukivuka safu moja vinabadilika vyote kwa pamoja: mvua, miti, nyumba, chakula, hata salamu.

Sisi tumekulia na Kilimanjaro akilini. Kilimanjaro ni volkeno, umesimama peke yake, na mtu wa Moshi akiamka asubuhi anauona wote. Himalaya ni kitu kingine. Tandika mkeka sakafuni, kisha uusukume kwa mikono miwili kuelekea ukutani. Utajikunja: kunjo dogo karibu na mikono yako, kunjo kubwa nyuma yake, na makunjo marefu kabisa kule ukutani. Aliyesukuma ni Bara Hindi lenyewe. Zamani sana lilikuwa limeshikana na Afrika na Madagaska; likabanduka, likasafiri kaskazini, likaikuta Asia yapata miaka milioni 50 iliyopita, na hadi leo halijaacha kusukuma, sentimita chache kila mwaka. Jimbo zima la Himachal Pradesh, kilomita za mraba 55,673, ukubwa wa kama mikoa miwili ya Tanga, limekaa juu ya makunjo hayo.

Kunjo la kwanza ni Shivalik. Hilo unaliona kutoka Chandigarh asubuhi isiyo na vumbi: vilima vifupi vinavyoanza pale pale tambarare inapokwisha. Una, Hamirpur na Bilaspur ziko huku, pamoja na sehemu za Solan na Sirmaur. Joto lipo, maembe yapo, na ninyi mtapita tu. Nyuma yake ndipo inapokuja milima ya kati, yenye misonobari na mierezi, ambako ziko Shimla, Mandi, Kullu na Kangra. Ukuta mkubwa wa huku unaitwa Dhauladhar, maana yake safu nyeupe. Ukisonga kaskazini unakutana na ukuta mwingine, Pir Panjal, ule ulio nyuma ya Manali. Ukishauvuka huo umeingia nchi ya juu: Lahaul na Spiti, na upande wa mashariki Kinnaur, hadi mpaka wa Tibet. Huko ndiko kiliko kilele kirefu kuliko vyote vya jimbo, Reo Purgyil, mita 6,816. Kibo yetu ni mita 5,895, kwa hiyo hesabu mwenyewe.

Mito nayo inasimulia. Beas, Ravi na Chenab inazaliwa humu humu jimboni au pembeni yake tu, lakini Sutlej inatoka Tibet na kuikata milima yote hiyo kutoka nyuma hadi mbele. Mto unawezaje kupenya ukuta wa mita elfu sita? Ulikuwepo kabla ya ukuta. Milima ilipokuwa ikiinuka polepole, mto uliendelea kukata pale pale ulipokuwa, kama msumeno ulioshikwa imara huku gogo likiinuliwa kuufuata. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza, nimesimama ukingoni mwa korongo la Sutlej huko Kinnaur, nilikaa chini. Maji ya mto huo huo yanashuka hadi Bhakra, bwawa la kimo cha mita 226 ambalo Waziri Mkuu Nehru alilizindua mwaka 1963, na ndiyo yanayonywesha mashamba ya Punjab unayoyaona ukipanda basi.

Sasa jambo ambalo mama yako atalielewa kuliko wewe. Mwambie kwamba kusi anayoijua Pangani inafika hadi huku. Upepo ule unaovuma pwani yetu kuanzia Aprili hadi Septemba, ambao mababu walitandaza matanga wakaenda nao Bombay na Gujarat, ukishavuka ikweta hugeuka, hupita bahari ya Arabuni huku ukinywa maji, na hatimaye huingia India ukiwa mzito. Himachal huupata mwishoni mwa Juni. Ukigonga Dhauladhar hauna pa kwenda ila juu, ukipanda unapoa, ukipoa unatua mzigo. Ndiyo maana Dharamshala, iliyo miguuni pa ukuta huo, hupata mvua ya karibu mita tatu kwa mwaka. Unyevu unaobaki unagonga Pir Panjal, na kule ng'ambo upepo unafika umekauka. Kaza, mji mkuu wa Spiti, haipati hata sehemu ya kumi ya mvua ya Dharamshala. Watu wa huko wanaishi kwa theluji ya majira ya baridi inayoyeyuka polepole na kuletwa shambani kwa mifereji midogo ya mkono.

Kwa hiyo kuhusu tarehe mmebahatika: nusu ya kwanza ya Juni ni nzuri. Nisikilize hapa kwa makini. Ikifika tarehe 20 na bado mko milimani, anzeni kushuka. Milima hii ni michanga, miamba yake haijatulia, na mvua kubwa ikinyesha juu ya barabara zilizochimbwa ubavuni mwa mlima, udongo unashuka na kila kilichoko juu yake. Mwaka 2023, kati ya Julai na Agosti, mamia ya watu walikufa kwa mafuriko na maporomoko jimboni humo. Pale Summer Hill, kiunga cha Shimla nilikokuwa nikipita kila siku kwenda darasani, hekalu lilifukiwa pamoja na waumini asubuhi ya Agosti 14, na kipande cha reli kikabaki kinaning'inia hewani bila ardhi chini yake. Siwezi kuiona picha ile nikaendelea na shughuli zangu.

Reli hiyo ndiyo nataka muanze nayo. Msipande basi kwenda Shimla ingawa basi ni la haraka. Nendeni Kalka, hapo karibu na Chandigarh, mkapande treni ndogo. Upana wa reli yake ni milimita 762 tu. Ilifunguliwa mwaka 1903, ina urefu wa kilomita 96, inapanda kutoka mita 656 hadi mita 2,076, na katika safari hiyo ya saa tano hivi inapita mahandaki 102 na madaraja zaidi ya 800, mengi yakiwa ya matao ya mawe yaliyopangwa ghorofa juu ya ghorofa kama nyumba. Tangu 2008 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kaeni karibu na dirisha. Mkianza mna jasho. Mkifika nusu ya njia mama atatafuta kanga ya kujifunika.

Handaki namba 33, Barog, ndilo refu kuliko yote: mita 1,143, limenyooka. Treni ikitoka tu upande wa pili inasimama kwenye stesheni ndogo yenye maua, abiria wanashuka kunywa chai. Wenyeji husimulia habari za mhandisi Mwingereza mwenye jina hilo, aliyechimba mlima kutoka pande mbili na mashimo yasikutane, akatozwa faini ya rupia moja, akajiua kwa aibu. Husimulia pia kwamba aliyeonyesha njia sahihi alikuwa mzee mwenyeji aitwaye Bhalku, aliyetembea mbele ya wahandisi akigonga miamba kwa fimbo yake na kusikiliza. Nawapa simulizi hizo kama nilivyopewa. Ninachokijua kwa hakika ni hiki: miaka ile ile, kati ya 1896 na 1901, vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, wengi wao kutoka Punjab, walikuwa wakijenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu. Serikali ya kikoloni ilikuwa moja, na mikono ilitoka nchi hizo hizo za chini ya milima. Ninapopita handaki lile nawakumbuka waliolala Tsavo.

Shimla yenyewe nitaipitia haraka, maana kila mtu ataisifu mbele yenu. Waingereza waliifanya makao yao makuu ya kiangazi tangu 1864. Kila mwaka serikali nzima ya India ilihamisha mafaili yake na kupanda nayo mlimani kukimbia joto, kama mnavyokimbia ninyi. Kaangalieni jumba la magavana wakuu lililomalizika mwaka 1888, ambalo leo ni taasisi ya utafiti. Nenda na mama asubuhi, bustani zikiwa na umande, kabla ya mabasi ya watalii. Barabara kuu ya juu, inayoitwa Mall, hairuhusiwi magari, na mji mzima ni ngazi juu ya ngazi. Kwa ajili ya mama tumieni lifti inayopandisha watu kutoka barabara ya chini hadi Mall. Mkienda hekalu la Jakhu, lenye sanamu kubwa ya Hanuman, mungu wa Kihindu mwenye umbo la kima, inayoonekana mji mzima, avue miwani na aifiche kabla hamjafika. Kima wa pale wanapora miwani usoni na hawairudishi mpaka walipwe chakula. Nimelipa mara mbili. Siku mbili au tatu Shimla zinatosha.

Kutoka hapo msirudi chini. Chukueni siku nzima ya barabara kwenda bonde la Kullu, lakini msilale Manali. Manali ya Juni ni foleni za magari na honi. Watu wote wa Delhi wamehamia pale. Shukeni kabla, Naggar, kilomita kama 20 kusini, ng'ambo ya mto Beas. Kwa karne nyingi Naggar ndiyo iliyokuwa makao ya wafalme wa Kullu, na ngome yao bado ipo, sasa sehemu yake ni hoteli.

Ngome hiyo ndiyo darasa langu ninalolipenda kuliko yote katika jimbo. Sogeeni hadi ukutani, wekeni kiganja. Mtaona safu ya mawe yaliyochongwa bapa, juu yake boriti ndefu ya mwerezi iliyolazwa, juu yake mawe tena, juu yake boriti tena, hadi paani. Hakuna saruji wala chokaa. Kwenye kona, boriti za kuta mbili zinapishana na kufungana kama vidole vya mikono miwili. Wenyeji wanauita ujenzi huo kath-kuni, na sikio la Kiswahili lisikudanganye: kath ndio mti, kuni ni kona. Tarehe 4 Aprili 1905 tetemeko kubwa liliipiga Kangra, likaua watu wapatao 20,000 na kuangusha nyumba za mawe na udongo kwa maelfu. Ngome ya Naggar ilibaki imesimama. Ardhi ilipotikisika, boriti zilicheza, mawe yakateleza kidogo yakarudi mahali pake, na ukuta haukupasuka kwa sababu haukuwa umegandishwa. Chini ya nyumba za namna hiyo hulala ng'ombe, na joto lao hupanda kuwapasha watu moto ghorofa ya juu wakati wa theluji. Leo vijijini wanajenga kwa zege, kwa kuwa mwerezi ni ghali na msitu unalindwa, na mimi kila nikirudi nakuta nyumba nyingine ya kale imebomolewa. Muione sasa.

Mkiwa Naggar nendeni siku moja Manali kwa ajili ya hekalu la Hadimba tu. Lilijengwa mwaka 1553, mlango wa mbao zilizochongwa, paa juu ya paa, na limezungukwa na mierezi mirefu kiasi kwamba mchana wa saa sita kuna kivuli cha jioni. Kila kijiji cha bonde hili kina mungu wake, naye ana machela yake ya fedha na vitambaa inayobebwa mabegani. Mwezi Oktoba, sikukuu ya Dussehra inapokwisha kwingine India, Kullu ndipo inapoanza, na kwa siku saba mamia ya machela hushuka kutoka vijijini kukutana uwanjani. Mama haabudu hivyo na wewe pia huenda huabudu hivyo, lakini ukiona wazee wa kijiji wametembea siku nne na machela mabegani, miguu imechubuka, unavua kofia.

Njaa isiwasumbue. Milimani watu wengi hula bila nyama, kwa hiyo suala la halali linajitatua lenyewe kwa wali, dengu na mboga. Tafuteni siddu, mkate wa ngano unaopikwa kwa mvuke na kujazwa jozi za kusaga, unaliwa na samli ya moto. Mkibahatika kualikwa harusi au shughuli ya hekaluni mtakula dham: watu wanakaa chini kwa mistari, sahani ni ya majani yaliyoshonwa, wapishi wanapita na ndoo wakimimina wali, kisha dengu zilizopikwa kwa mtindi, kisha mchuzi mchachu wenye tamu ndani. Mama atajiona yuko nyumbani, ila hakuna samaki. Matufaha hamtayakuta, msimu wake unaanza Julai. Juni ni mwezi wa cheri. Hayo matufaha yaliyowatajirisha wakulima wa huku yana historia yake: Mmarekani aitwaye Samuel Stokes, aliyekuja kuhudumia wagonjwa wa ukoma, ndiye aliyepanda aina nyekundu tamu huko Kotgarh, juu ya Shimla, yapata mwaka 1916. Alioa huko, akawa Mhindu, akabadili jina, akafungwa jela na Waingereza kwa kupigania uhuru wa India.

Sasa theluji. Juni bondeni hakuna. Mnazo njia mbili. Ya kwanza ni kupanda Rohtang, njia ya juu ya Pir Panjal, mita 3,978, ambako mwanzoni mwa Juni theluji huwa bado ipo kandokando ya barabara. Idadi ya magari kwa siku ina kikomo na gari lazima liwe na kibali, kwa hiyo mwambieni dereva siku mbili kabla. Lakini mama ana presha, na mita elfu nne si mchezo. Jina Himachal limeanza na neno hima, ambalo kwa Kisanskriti ni theluji. Ukiipanda kwa hima ya Kiswahili, kichwa kitakugonga na tumbo litageuka. Wapagazi wetu wa Kilimanjaro hawakukosea na polepole yao. Kwanza azungumze na daktari wake kabla hajapanda ndege, amwambie wazi kwamba atafika mita elfu nne. Akiruhusiwa, mkalale Naggar usiku tatu ndipo mpande, mnywe maji njiani, mkae juu saa moja, mshuke. Akisikia kichwa kinauma au pumzi inakata, mnashuka hapo hapo. Dawa ya kwanza ya urefu ni kushuka.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi kwenu: handaki la Atal. Lilifunguliwa Oktoba 3, 2020, lina urefu wa kilomita 9.02, na linapita chini ya ule ukuta wa Pir Panjal. Kabla yake Lahaul ilikuwa ikifungiwa na theluji karibu nusu mwaka. Mgonjwa alisubiri helikopta au alikufa. Leo mnaingia upande wa Manali kwenye mierezi, unyevu na ukungu, na baada ya kama dakika kumi na tano mnatokea upande wa pili kwenye nchi ya kahawia, kavu, jua kali, miti michache kando ya mto na barafu ikining'inia juu ya vilele. Lile somo la kusi nililokueleza utaliona kwa macho yako katika dakika hizo. Endeleeni hadi kijiji cha Sissu, mpate chai mkitazama maporomoko ya maji, mkiweza mfike Tandi, ambako mito Chandra na Bhaga inaungana kuwa Chenab. Rangi zake mbili zinakwenda sambamba kidogo kabla hazijachanganyika. Hapo salamu si namaste tena. Semeni julley. Ni mita 3,100 hivi tu, mama atapumua vizuri, na mara nyingi karibu na mdomo wa handaki kuna mabaki ya theluji kwenye makorongo ambayo mtu anaweza kuyafikia kwa miguu.

Spiti, mwanangu, msiende safari hii. Nakuambia hivyo nikijua kwamba ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Kaza iko juu ya mita 3,600, kijiji cha Hikkim chenye posta yake maarufu kiko mita 4,400, hospitali kubwa iko mbali, na barabara kutoka upande wa Manali kupitia njia ya juu ya Kunzum hufunguka Juni kwa kusuasua. Kwa siku kumi na mbili, na mama, hapana. Nenda wewe na wenzako mwakani, Septemba, kwa kupitia Kinnaur, ili mwili upande taratibu kwa siku kadhaa. Jua tu kwamba mgeni wa nchi nyingine anahitaji kibali maalumu kwa kipande kilicho karibu na mpaka, kati ya Reckong Peo, huko Kinnaur, na Kaza. Kinatolewa Reckong Peo au Shimla.

Ukifika huko lala Tabo. Monasteri yake ilianzishwa mwaka 996. Kwa nje ni kuta za udongo tu, fupi, kama banda. Ukiinama kuingia na macho yakazoea giza, unaona sanamu za udongo zimetokeza ukutani pande zote, juu ya kichwa chako, na michoro ambayo rangi yake imedumu miaka elfu moja kwa sababu hakuna mvua ya kuiharibu. Kisha panda Langza. Mara yangu ya kwanza pale, mtoto wa miaka kama minane alinifuata akiwa amefumba ngumi. Akaifumbua: jiwe jeusi la mviringo, limepasuka katikati, na ndani yake mna mzunguko kama wa konokono, mistari yake mizuri imehesabika. Mimi ni mtu wa Bagamoyo. Nimeokota makombe tangu nikiwa mdogo. Nikajua ninachokiona ni kiumbe wa bahari, na niko mita 4,400 juu ya bahari, siku kadhaa za basi kutoka baharini. Kabla Bara Hindi halijagonga Asia kulikuwa na bahari katikati yao, Tethys, na sakafu ya bahari hiyo ndiyo iliyokunjwa ikainuliwa kuwa Spiti. Usiyanunue mawe hayo hata ukibembelezwa. Shika, tazama, mrudishie, umpe mtoto kalamu au matunda. Yakiisha Langza hayatarudi.

Siku zenu za mwisho wekeni Kangra, wilaya iliko Dharamshala. Kutoka Kullu hadi Dharamshala ni siku nyingine nzima ya barabara, lakini inapita mashamba ya chai karibu na Palampur na njia nzuri ya Bir, ambako watu wanaruka kwa miavuli kutoka Billing na kuelea juu ya bonde kama mwewe. Dharamshala mlale juu, McLeod Ganj. Huko ndiko Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, alikofanya makao tangu 1960, mwaka mmoja baada ya kukimbia Tibet, na Watibeti waliomfuata wamejenga mji wao ndani ya mji. Alfajiri mtembee na mama kwenye njia inayouzunguka msitu wa hekalu lake. Wazee wa Kitibeti wanaizunguka kila siku, tasbihi mkononi, polepole, wengine kwa mkongojo. Hakuna anayewauliza mnatoka wapi. Mvua ikiwa haijaanza, Dhauladhar iko hapo juu yenu, nyeupe, karibu kiasi cha kutaka kuinyooshea mkono.

Mambo madogo ya mwisho. Mabasi ya Himachal yanaondokea kituo cha Sekta ya 43 hapo Chandigarh. Kila mahali mtakapolala wataandika taarifa zenu kwa serikali kwa sababu ni wageni, kwa hiyo beba pasipoti zote mbili, kibali chako cha mwanafunzi na nakala kadhaa; baadhi ya nyumba ndogo za wageni hazipokei watu wa nje, piga simu kwanza. Mtaombwa picha sana, hasa mama akivaa kanga yake. Akichoka akatae, hawakasiriki. Dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalofungwa juu ya basi. Na tikiti za treni ya Kalka zikatwe leo hii, maana Juni zinakwisha mapema. Nisalimie mama, na akifika Barog mnunulie chai kwa niaba yangu.